Simu ya Zena

Kondo alipofariki, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokisikia kifuani kilikuwa nafuu. Mwanawe alinipigia asubuhi, sauti imemkauka, "Ami Idi, mzee ametutoka," nami nikasema innalillahi kama inavyopasa, nikauliza maziko ni saa ngapi, kisha nikaketi kitandani nikajiambia: basi, sasa nimebaki peke yangu ninayejua. Nililia baadaye, na nililia kweli, maana tulishibana kwa zaidi ya miaka hamsini. Lakini nafuu ndiyo iliyotangulia, na aibu ya nafuu ile ndiyo iliyonikalisha mezani kuandika habari za mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Asiyetaka kusikia habari za mlevi aliyekuwa haachi swala ya Ijumaa na aishie hapa, sitamlaumu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Mwingereza bado yupo, nami ni karani wa simu katika posta ya mjini. Simu nisemayo si hii ya kuweka sikioni. Ilikuwa habari inayopigwa kwa waya kutoka bara, tak, tak-tak, mlio mrefu na mlio mfupi, mie nasikiliza na kuandika herufi moja moja kwenye karatasi, kisha tarishi anaitia kwenye mkoba na kuipeleka kwa baiskeli. Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Nilivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama wima, soksi mpaka magotini, na wazee walionizidi umri kwa mbali waliniita bwana karani. Ila watu hawakuwa wakipiga simu kwa mambo ya furaha. Harusi iliandikiwa barua. Simu ilikuwa ya msiba au ya ugonjwa unaoelekea msiba. Kutwa nzima masikio yangu yalipokea baba za watu, waume wa watu, watoto wa watu. Nilijua misiba ya mji huu kabla ya wenyewe. Nikitoka saa ya chakula namkuta mtu Kariakoo anacheka na kikombe chake cha kahawa, nami najua karatasi yake iko kwenye mkoba wa tarishi, na siwezi kumwambia neno kwa sababu tulikula kiapo cha kutunza siri. Nilipita nikamwamkia, naye akaniitikia kwa uchangamfu wake wote.

Miezi mitatu ya kwanza niliona nimezoea. Mwezi wa nne milio ikaanza kunifuata nyumbani. Mvua ikidondoka kwenye mabati, nasikia herufi. Bi Tatu, mama mwenye nyumba, akikoroga chai, kijiko kikigonga kikombe, nami kichwani naandika. Siku moja nilishtuka nimeamka usiku nimepokea simu nzima kutoka kwenye mbao za kitanda, na jina la marehemu lilikuwa langu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningesema nini? Kijana mzima, karani, anaogopa kitanda! Aliyenitibu ni Kondo, karani mwenzangu wa upande wa vifurushi, mtu wa tai nyembamba na viatu vya rangi mbili, mwanachama wa chama cha dansi ambaye angeweza kukosa mshahara lakini si mazoezi ya bendi ya Jumamosi. Alinitazama siku moja ninavyoandika neno moja mara tatu, akasema, "Wewe ndugu yangu masikio yamekujaa. Twende Chang'ombe tukayamwage."

Basi tukaenda. Kilabu chenyewe kilikuwa banda refu la makuti lenye sakafu ya saruji, nyuma ya karakana za Wahindi, mbele wanauza pombe ya mtama na tembo la mnazi, nyuma bendi inafanya mazoezi. Nilipokunywa kopo la kwanza nilitaka kutapika. La tatu lilipoingia, na lile tarumbeta likapasua, na yule mpiga ngoma kubwa akashika mdundo, milio kichwani ikanyamaza. Wallahi ilinyamaza yote, kama mtu aliyefunga mlango. Nilicheza nikiwa nalia na hakuna aliyenishangaa, maana kila mtu pale alikuwa na lake. Tangu siku hiyo kila simu mbaya nikawa nailipia kwa kopo, na kwa kuwa simu zote zilikuwa mbaya, ndugu msomaji, unaweza kukisia mwenyewe. Nilirudi Temeke nikitafuna karafuu na iliki, natembea katikati ya njia kwa uangalifu mkubwa wa mtu anayejiona hajalewa.

Nilipanga chumba cha mbele kwa Bi Tatu, mkono wa kulia ukiingia, katika nyumba yake ya udongo ya vyumba sita na ukumbi katikati. Alikuwa mjane, Mzaramo wa mji, mnene, mwenye kicheko cha kikohozi, na alifuturisha mtaa mzima Ramadhani ikifika. Jikoni kwake kulikuwa uani, chini ya kibanda cha bati, na asubuhi harufu ya vitumbua ilinifikia kabla ya adhana kwisha. Kiambaza kilichotutenganisha hakikufika kwenye paa, kwa hiyo mie nilisikia mengi. Nilimsikia akiswali, nilimsikia akimwombea bintiye, na nilimsikia akinitetea. Jirani yake mmoja alisema siku moja, "Kijana wako huyo wa msikitini, mbona pumzi yake ina mnazi?" Bi Tatu akamjibu, "Pua yako ndiyo ina umbea. Kijana anafanya kazi ngumu huyo, muache." Asubuhi iliyofuata nilikuta mlangoni kwangu bakuli la uji mwembamba uliokamuliwa ndimu, umefunikwa kwa kawa. Hakuniuliza, nami sikueleza. Nilikunywa uji wote nikiwa nimesimama, na uso unaniwaka.

Bintiye alikuwa Zena, mtoto wake wa pekee, ameolewa Tabora na mfanyakazi wa reli. Mie Zena sikuwahi kumwona hata siku moja, lakini nilimjua kuliko nilivyowajua watu wengi, maana Bi Tatu hakusoma na barua zote zilipita kwangu. Jioni tuliketi ukumbini, taa ya chemli kwenye kigoda, sahani ya wali na samaki changu wa nazi kati yetu, yeye anasema mie naandika. Zena alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza huja kujifungulia kwa mama, lakini mume alikataa kumwachia, akadai safari ni ndefu. Bi Tatu aliumia sana kwa jambo hilo. "Andika, mwanangu. Mwambie nakuja kabla ya siku zake. Mwambie asibebe maji. Mwambie akiogopa asione haya kuniita, hata kama hakuna kitu, aniite tu." Niliandika hivyo hivyo, aniite tu. Zena akajibu kwa mwandiko wa shule, mkubwa mkubwa, kwamba mkwewe wa kike anamcheka kwa kulia usiku, na kwamba anatamani vitumbua vya nyumbani mpaka anavinusa.

Mtoto akaja kabla ya siku zake, Bi Tatu angali anashona mbeleko. Ilikuwa Jumamosi. Saa sita mchana waya wa Tabora ukaita, nikashika kalamu, na kabla herufi za jina la mtaa hazijakwisha nilishajua ni nyumba gani. ZENA MGONJWA SANA BAADA YA KUZAA ANAMWITA MAMA AJE UPESI. Niliiandika bila kukosea hata herufi. Msimamizi wetu, Mgoa mpole asiyependa kelele, aliniona nimeganda. Nikamwambia hii ni ya mama mwenye nyumba yangu, naomba niipeleke mwenyewe, kwa sababu tarishi akionekana na baiskeli yake nyekundu mtaani kwetu wanawake huanza kupiga mayowe kabla hajashuka. Akanifungulia daftari nikatia sahihi kwamba nimekabidhiwa. "Moja kwa moja, Idi," akasema. "Gari la moshi la bara linaondoka leo jioni." Nikamjibu najua. Nilijua vizuri sana. Gari lilikuwa linaondoka kabla ya magharibi, na baada ya hilo hakuna jingine mpaka Jumanne.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalielewi. Kwetu habari ya namna ile hapelekewi mwanamke mlangoni na kijana aliyepanga chumba. Ni utovu wa adabu, na ni ukatili. Unamwendea mzee wa ukoo, mzee anawachukua wanawake wawili watatu watu wazima, wanakwenda, wanaketi, wanamshika, ndipo anaambiwa. Kakake Bi Tatu, Mzee Shomari, alikuwa akikaa Chang'ombe, njiani kabisa. Basi nikapanda baiskeli yangu nikaelekea kwake, na hadi hapo sikufanya kosa lolote. Mkewe akatokea mlangoni na upawa mkononi. "Mzee yuko msikitini, swala ikiisha anarudi. Kaa barazani, nikuletee maji." Nikamshukuru, nikasema nitarudi baada ya dakika chache. Angeniletea maji, na mzee angekuja, na mambo yote yangekwenda. Lakini ile simu mfukoni ilikuwa inagonga kwenye paja langu, tak, tak-tak, anamwita mama, anamwita mama. Kilabu kilikuwa hatua mia moja kutoka pale. Nikasema nikanywe kopo moja la kunituliza, nirudi kwa mzee nikiwa na ulimi wa kusemea.

Kondo alikuwepo, koti ametundika msumarini. Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma akakunja uso, akasema, "Pole. Huyu si mama yako wa uji?" Kisha akanisogezea kopo. "Kunywa kwanza upate nguvu. Simu haina miguu, haitakukimbia." Simlaumu. Kwa miaka mingi nilijaribu kumlaumu, haikuwezekana, maana mdomo ulikuwa wangu. Nikanywa. Bendi ikaanza. La pili nikanywa kwa sababu la kwanza halikunyamazisha kitu. Halafu nikacheza.

Kila mara nilipojisimulia habari hii, hapa ndipo nilipokuwa nikidanganya. Nilisema nilisahau. Nilijisemea hivyo hata kwenye sijida: ya Rabi, nililewa nikasahau. Si kweli. Saa kumi, adhana ya alasiri ilipopigwa, bendi ilinyamaza kidogo kwa heshima, na katika ule ukimya nilikumbuka kila kitu waziwazi: simu, gari, Mzee Shomari. Nilihesabu na hesabu ilikuwa sawa. Baiskeli mpaka Temeke ni robo saa. Bi Tatu alikuwa na kapu lake tayari tangu mwezi uliopita, angetoka mbio, angewahi. Nilifika mpaka kwenye baiskeli. Nikashika usukani. Nikapumua kwenye kiganja changu nikanusa. Pumzi ilikuwa mnazi mtupu, na shati limeloa, na nikamwona Bi Tatu akinitazama usoni kwa mara ya kwanza nikiwa hivi, yeye aliyeuambia mtaa mzima kwamba mie ni mtu wa msikitini, na mie nimesimama mbele yake nanuka pombe, mkononi nina mwanawe. Sikuweza. Hilo tu. Niliona haya. Nikaegemeza tena baiskeli ukutani, nikarudi ndani, na nikacheza kwa nguvu kuliko nilivyowahi kucheza, mpaka watu wakanipisha. Jua linazama nilisikia honi ya gari la bara kutoka upande wa stesheni, Gerezani, mara mbili. Kondo aliisikia pia. Akanitazama, nikamtazama, akaangalia viatu vyake. Hatukulizungumza jambo lile tena mpaka anakufa.

Jumapili asubuhi nilikuwa nimeoga, nimesugua meno kwa mkaa, nimevaa kanzu. Nilikwenda kwa Mzee Shomari nikamwambia simu imeingia jana jioni, ofisi ikiwa imekwisha fungwa, nimeichukua alfajiri hii. Hakuwa na sababu ya kunishuku, na mkewe, aliyeniona barazani mchana wa jana yake, alinitazama mara moja kisha akaenda kufunika chungu. Mambo yakafuata njia yake. Mzee akaja na wanawake watatu, wakaketi ukumbini, wakamshika. Nilisikia kila kitu kupitia kiambaza. Hakupiga yowe. Aliuliza swali moja tu. "Gari?" Mzee akamwambia, "Jumanne, dada." Halafu nikasikia anaburuta kapu lake kutoka uvunguni na kulipeleka mlangoni, na pale mlangoni akaketi, juu ya mkeka, siku mbili. Alikataa kulala ndani. Nilipotoka kwenda kazini Jumatatu ilinibidi niruke miguu yake, naye akasema, "Nenda salama, mwanangu. Ikija nyingine utaniletea."

Ilikuja asubuhi hiyo hiyo, saa tatu. Mkono wangu ndio ulioiandika. ZENA AMEFARIKI ALFAJIRI TUNAZIKA LEO MTOTO MZIMA WA KIUME. Nilimpelekea Mzee Shomari, safari hii moja kwa moja, jasho linanitiririka. Mzee akaikunja mara nne. Akasema asiambiwe. Safari ya siku nzima na usiku, peke yake na kilio, itamuua. Asafiri na matumaini yake, atajua akifika, akiona watu waliomngojea stesheni. Ndivyo walivyofanya wazee wetu na sina neno juu yao. Lakini aliyebeba kapu lake mpaka stesheni Jumanne ile alikuwa mie. Ndani ya kapu mlikuwa na vitumbua, aliamka usiku kuvichoma, amevifunga kwenye kitambaa cheupe. "Atakula hata kimoja," akaniambia. "Mgonjwa hula cha mama yake." Akapanda, akaketi dirishani, akanishika kidole. "Wewe Idi, Mungu akulipe. Wengine wangemwachia tarishi. Wewe umenichukulia simu yangu kwa mkono wako." Nikasema amina. Gari likaondoka nami nimesimama na ile amina mdomoni.

Watu wangependa kusikia kwamba niliacha pombe siku ile. Sikuacha. Niliongeza. Nilikunywa mpaka mwaka ukaisha, na bendi haikunyamazisha kitu tena, hata tarumbeta likiwa sikioni. Niliacha baadaye sana, na si kwa toba, ni vidonda vya tumbo. Bi Tatu alirudi baada ya arobaini, amekonda, kabeba kichanga mgongoni kwa ile mbeleko. Akamwita Hamisi. Hakuna siku aliyoniuliza habari ya saa, wala ya ofisi. Usiku mtoto alilia na mie nikamsikia kupitia kiambaza akimwambia, "Nyamaza, mama yako aliniita nikachelewa, wewe sitakuchelewa." Asubuhi uji wangu ulikuwa mlangoni kama kawaida. Nilihama nyumba ile mwaka uliofuata, nikasingizia kazi.

Hamisi ni mzee sasa, ana wajukuu. Tulionana kwenye arobaini ya Kondo, huko Mbezi Luis anakokaa jirani na mwanawe Kondo, baada ya hitma. Aliniletea sahani ya pilau kwa mikono miwili, akaketi chini miguuni pangu japokuwa viti vilikuwepo. "Shikamoo, baba. Bibi alikufa anakutaja, unajua? Alikuwa akisema, kama si Idi, hata ile simu nisingeiona." Nami nilikuwa nimekwisha sikia ile nafuu yangu siku Kondo alipokufa, na nilikuwa nimechoka nayo. Nikamwambia. Nilimwambia yote: baraza ya Mzee Shomari na mkewe mlangoni, kopo, adhana ya alasiri, baiskeli, pumzi kwenye kiganja. Nilitumia muda mrefu. Pilau ilipoa. Hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza akaisogeza sahani pembeni, akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayejizuia msibani, "Baba Idi, mie mama yangu sina hata picha. Nilichokuwa nacho ni kile alichonisimulia bibi, kwamba mama alimwita, na kijana mmoja mwema akakimbia na simu, na gari likawa limekwisha ondoka, ikawa kadari. Nimekulia humo. Leo umenipa nini?"

"Nimekupa ukweli, mwanangu. Ni haki yako."

"Hapana," akasema. "Umepumua wewe."

Alikuwa amesema kweli. Nilimfanyia mtoto wa Zena kile kile nilichomfanyia mamake: nilikuwa na kitu kinanigonga, nikatafuta pa kukituliza, nikaona pa karibu. Nikainuka kuondoka. Barabara ya Morogoro pale ni pana, magari hayasimami kwa ajili ya mzee, nami nilikuwa nimesimama ukingoni sijui nianzie wapi, nikasikia mtu ananishika kiwiko. Alikuwa yeye. Akanivusha polepole, hatua kwa hatua yangu, akiwasimamisha wenye magari kwa kiganja, maana ndivyo Bi Tatu alivyomlea. Tulipofika ng'ambo akaniachia mkono, akageuka, akavuka kurudi peke yake. Hakuniaga.